Baba katoka shifti ya usiku: omba utulivu bila kugombana na jirani

Saa mbili asubuhi mitaa ya Geita na Kahama ndiyo kwanza inachangamka. Redio zinafunguliwa, mashine za kusaga zinanguruma, watoto wako uani. Saa hiyohiyo, mzazi aliyekesha kazini ndiyo anapanda kitandani.

Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu hufanya kazi usiku na mchana. Kwa familia nyingi, basi, usingizi wa mchana si uvivu, ni sehemu ya kazi. Usingizi huo ni mwepesi kwa sababu mwanga huuamsha mwili. Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Akikatishwa kila siku, usiku atashika usukani wa gari kubwa la mawe huku anasinzia.

Ndiyo maana maneno ya kuomba utulivu yana uzito. “Nyamazeni!” au “Mbona mna kelele hivyo?” ni lawama, na anayelaumiwa hujitetea, pengine kwa kuongeza sauti. Anza na salamu. Kwa jirani Msukuma, “Mwangaluka” ya asubuhi hufungua mlango. Kisha toa sababu, ombi na muda: “Samahani mama, baba watoto ametoka shifti ya usiku. Naomba utupunguzie redio kidogo mpaka saa nane.”

“Utupunguzie” humfanya jirani atende hisani badala ya kutii amri. “Kidogo” humwachia redio yake. Kutaja saa humhakikishia kwamba hazuiwi siku nzima. Ni vizuri zaidi kumweleza mapema wiki za shifti ya usiku kuliko kwenda ukiwa tayari umekasirika.

Watoto nao wasiambiwe “Kimya!” tu. Waonyeshwe pa kuchezea mbali na dirisha, na wajue saa ya kurudi kupiga kelele.

Hisani hurudishwa. Jirani akiwa na mgonjwa au msiba, kuwa wa kwanza kuzima redio yako.

Ombi likishindikana mara kadhaa, mwone balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Kelele za baa au karakana zisizokoma zinaweza kufikishwa NEMC, kwani zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele. Lakini ngazi hiyo iwe ya mwisho: afisa ataondoka, jirani atabaki.