Njiani kwenda Serengeti: ngoma na vyakula vya Wasukuma vinavyomfaa mgeni kusimama Simiyu

Magari ya watalii yanayotoka Mwanza kuelekea lango la Ndabaka, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hupita Lamadi wilayani Busega. Mara nyingi abiria hununua maji ya kunywa, dereva hujaza mafuta, na safari huendelea. Fedha ya mgeni huingia hifadhini. Simiyu huambulia vumbi.

Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Hauna magofu ya mawe kama Kilwa, wala majengo ya kale kama yale ya Bagamoyo. Urithi wake umo katika watu wenyewe, yaani katika ngoma wanazocheza na chakula wanachohifadhi. Urithi wa aina hiyo haufunguliwi saa mbili asubuhi kwa tiketi. Mgeni hana budi kujua aje lini na aulize nini.

Maandalizi mazuri hupatikana kabla ya kuingia mkoani, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa wilayani Magu, takriban kilomita 20 kutoka jijini Mwanza. Makumbusho hayo ni matunda ya kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada aliyeipenda na kuikusanya sanaa ya Wasukuma. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, ambazo zilibaki bila baraza la kuzipiga baada ya mamlaka ya watemi kufutwa mwaka 1963. Humo pia mgeni huelezwa habari za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao ulianza katika karne ya 19.

Bila maelezo hayo, mgeni atakayekuta ngoma Bariadi ataona vumbi na makelele tu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Ndiyo maana manju hutafuta kila hila ya kushangaza umati: mavazi, vinyago, dawa, hata fisi aliyefungwa kamba. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, kwa kuwa ilizaliwa shambani ili kuwatia wakulima nguvu. Wacheza nyoka, Bayeye, hubeba chatu mabegani. Hao wana pia elimu ya kutibu aliyeumwa na nyoka, elimu ambayo mzee hufariki nayo asipopata mwanafunzi.

Msimu wa haya yote ni Juni hadi Agosti, mavuno yanapokuwa yameingia na pamba inauzwa. Sikukuu ya Bulabo huko Bujora huangukia Juni. Nane Nane, ambayo kitaifa iliwahi kufanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, nayo imo ndani ya kipindi hicho. Anayefika Februari atawakuta wachezaji wakipalilia.

Kuhusu chakula, hapa ndipo penye kasoro. Mgeni akiingia mgahawani mjini Bariadi hupewa kwa urahisi chipsi mayai au wali na nyama, vyakula ambavyo angevipata popote nchini. Michembe haipo kwenye ubao wa bei. Viazi vitamu hivyo humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani vikiwa vibichi. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Hukaa kwenye vihenge kwa miezi mingi, na ndivyo kaya zilivyovuka kiangazi katika nchi ambayo mvua yake haiaminiki. Matobolwa hutafunwa kwa karanga au chai, michembe hupikwa. Pembeni kuna ugali wa mtama, nsansa ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, maziwa ya mgando, na samaki wa Ziwa Victoria kwa walio Busega.

Nchini Korea Kusini, katika mji wa Suwon ulio kusini mwa Seoul, watu huizuru ngome ya Hwaseong, iliyojengwa kati ya mwaka 1794 na 1796, kisha hutafuta mbavu za ng'ombe za kuchoma zilizoupatia mji huo sifa. Ukuta na sahani huuzwa katika safari moja. Simiyu vitu vyote viwili vipo, ila kimoja kimefichwa jikoni kana kwamba ni chakula cha dhiki. Mama lishe atakayeweka matobolwa na karanga mezani, pale Lamadi magari yanaposimama, hatahitaji mtaji mkubwa.

Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni takriban kilomita 70 za lami. Mgeni asalimie kwanza, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" baada ya hapo, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Huko Meatu, wanakoishi baadhi ya Wahadzabe, ruhusa hiyo ianzie kwa uongozi wa kijiji. Atakayetamani kununua kigoda au ngoma kuukuu kwa mzee akumbuke kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda malikale. Zilizochongwa juzi kwa ajili ya kuuzwa hazina tatizo, na fedha yake humfikia fundi moja kwa moja.