Filamu ya Malava, Kisa cha Mombasa

Usiku wa pili wa ziara yangu Malava, nyumbani kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, watoto walipomaliza sala ya Isha walikusanyika mbele ya runinga. Nje, matrela ya miwa yalipita kwa mngurumo katika barabara ya Webuye. Ndani, filamu ya kijasusi ilikuwa imepamba moto, dijei akiisimulia kwa Kiswahili chenye mzaha. Afisa wa siri amejifanya mnunuzi wa dawa za kulevya, waziri analinda faili asilotaka lifunguliwe, na genge la Amerika ya Kusini limewanunua watu wa pande zote mbili. Kifungua mimba wa mdogo wangu, aliye kidato cha nne, akanigeukia.

“Mama mkubwa, haya si ya kubuni tu?”

Nikamwambia kwamba kisa cha namna hiyo kilitukia kwetu Mombasa.

Mwaka 2014, watu waliojidai kuwa wajumbe wa genge la Kolombia walifanya biashara na ndugu wawili wa mji wetu, Baktash na Ibrahim Akasha, wana wa mzee Ibrahim Akasha aliyeuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wageni hao, kwa hakika, walikuwa wakiitumikia idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, na mazungumzo yao yalirekodiwa kwa siri. Oktoba ikatolewa kilo 1 ya heroini iwe kionjo. Mapema Novemba zikafuata kilo 98. Kisha polisi wakawakamata.

Filamu ingekomea hapo. Mimi naona uzito umo katika yaliyofuata. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilizungushwa mahakamani zaidi ya miaka miwili, wenyewe wakiwa nje kwa dhamana, hadi waliposafirishwa Januari 2017. Oktoba 2018, mbele ya mahakama ya New York, walikiri makosa yao, likiwemo la kuwahonga maafisa wa Kenya ili kesi hiyo ikwame. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Ya waziri na faili lake ni mchezo. Hili la hongo lilipita katika ofisi ambazo sisi hupeleka mashauri yetu.

“Lakini walikuwa na magari,” akasema kijana, macho kwenye runinga.

Hapo nilishtuka, kwani mwakani anatarajiwa kuja kusoma Mombasa na kukaa kwangu. Filamu hizi, hata zilizo nzuri (na ile ilikuwa nzuri, sikatai), zina upungufu mmoja: unga hutoka melini ukaingia garini, ukahesabiwa kwa kilo, wala hatuuoni ukifika mwilini mwa mtu. Nikamsimulia habari za mwana wa jirani yetu, aliyeanza kwa kuuza sufuria za mama yake, akaishia kung’oa mabati ya jiko. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2015 hospitali ya serikali ya Malindi hutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza kiu ya heroini, na kwamba mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku, iwe mvua, iwe Idi. Nauli anatafuta mama.

Mdogo wangu alitaka kuzipiga marufuku filamu za aina hiyo nyumbani kwake. Nilimshauri asifanye hivyo. Watoto watazitazama kwa simu, peke yao, wala hapatakuwa na mtu mzima wa kuwajibu. Afadhali aketi nao, achambue mchele wake huku akisikiliza.

Filamu ikaisha, steringi akapanda ndege. Kijana hakuinuka.

“Na wale waliopokea hongo, mama mkubwa, wao walifungwa wapi?”

Mama yake akapunguza sauti ya runinga, asikie nitakavyojibu.