Usiizike Diski Ingali Hai

Kompyuta imeingia majumbani mwetu kama redio ilivyoingia zamani. Ndani yake zimo hesabu za duka, picha za arusi, vyeti vya watoto na darsa za masheikh. Lakini wengi wetu twaitumia pasina kuijua ilmu yake hata kidogo, na siku inapokataa kuwaka humwachia fundi hukumu yote. Jambo hili limetutia hasara, nami ni mmoja wa waliotiwa.

Baada ya sala ya Isha alinijia kijana niliyemsomesha zamani, uso umemsawijika. Marehemu baba yake alikuwa akitoa darsa ya tafsiri kila Ramadhani, na sauti za darsa za miaka 11 zimo katika kompyuta ya nyumbani, wala hazina nakala nyingine. Akaniambia, “Maalim, fundi anasema diski imekufa. Ataka ruhusa ya mama aifomati, atie Windows upya.”

Nikamwuliza, “Imekufa, mwanangu, au haikuonekana?”

Hakufahamu tofauti, wala si ajabu. Mimi mwenyewe sikuifahamu mpaka nilipopoteza daftari la wanafunzi wa madrasa yetu, la miaka 6, kwa ugonjwa huu huu. Tuliambiwa diski ni mbovu, tukakubali ifomatiwe. Ikafomatiwa, kisha ikafanya kazi vizuri kabisa, ikiwa tupu! Diski mbovu ingefanyaje kazi? Swali hilo nililiuliza wakati umekwisha pita.

Basi na tulieleze jambo lenyewe. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Mlangoni pa ghala hilo pana kidhibiti, chombo kidogo kilichomo katika ubao mkuu wa mashine, na kila kiingiacho na kitokacho hupitia kwake. Windows haiwezi kusema na kidhibiti ila kwa mkalimani, naye ni programu ndogo iitwayo draiva; neno ni lile lile la dereva wa gari, ila huyu hana leseni. Namna ya kale ya kusema na diski huitwa IDE. Namna ya AHCI ilitolewa na Intel mwaka 2004 kwa ajili ya diski za SATA. Kidhibiti kimoja chaweza kuwekwa kifanye kazi kwa namna hii au ile, kwa kuchagua katika BIOS, yaani mipango ya mashine isomwayo kabla Windows haijaamka.

Windows inapotiwa mara ya kwanza hutazama namna iliyochaguliwa, ikamwandaa draiva wa namna hiyo aamke nayo, na wengine ikawalaza ili isichelewe kuwaka. Siku namna ikigeuka, huamka na mkalimani asiyejua lugha ya mlangoni. Ghala lipo, lakini hailioni. Hapo husimama na kioo cha buluu chenye namba 0x0000007B. Katika Windows 10 na 11 huandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, maana yake kifaa cha kuwashia hakifikiki.

Lakini nani aliyeigeuza, nasi nyumbani mle hapana aliyegusa kitu? Mara nyingi mwenye kosa ni betri. Katika ubao mkuu imo betri ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, iitwayo CR2032, nayo hushika saa na mipango ya BIOS wakati umeme haupo. Katika mashine nyingi za zamani, betri ikifa, mipango hurudi kama ilivyotoka kiwandani, na saa hurudi nyuma miaka.

Siku ya pili nilikwenda kwao, nikaingia BIOS kwa kubonyeza Delete (mashine nyingine hutaka F2). La kwanza nililotazama ni tarehe: mwaka 2009. La pili, jina la diski: limo, na ukubwa wake kamili, GB 500. Hapa ndipo penye hukumu. Diski iliyokufa aghalabu jina lake halionekani, au hugonga-gonga kwa ndani, au hukwama katika kusoma. Jina lisipoonekana, kagua kwanza waya wa umeme na ule wa data. Na diski igongayo izime mara moja, usiijaribu-jaribu. Lakini diski ionekanayo katika BIOS huku Windows ikitoa namba ile, mshuku draiva kabla ya diski.

Namna ya SATA ilikuwa IDE. Nikaandika karatasini yote niliyoyakuta. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukatia betri mpya, alama ya kujumlisha ikielekea juu. Nikaweka AHCI, nikahifadhi kwa F10. Mama wa nyumba alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, kimya. Windows ikaamka. Kijana akafungua darsa ya kwanza iliyomjia mkononi, na sauti ya marehemu ikasikika chumbani. Mama akasema tu, “Inyamazisheni kwanza,” akaingia ndani. Usiku ule ule darsa zote zilinakiliwa katika diski ya nje.

Simtuhumu fundi kwa uongo. Kufomati ndiyo njia fupi, na fundi ana foleni. Ila Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuhakiki khabari kabla ya kutenda la kujutia, na kifo cha diski nacho ni khabari.

Tahadhari mbili. Penye diski zaidi ya moja zilizofungwa pamoja kwa RAID, usiguse namna hiyo bila mjuzi, wala usikubali mashine ikikutaka uunde au ufute lolote. Na kompyuta yenye BitLocker, mipango ya BIOS ikigeuka, huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uwe nao mkononi kabla ya kugusa.

Mwenye kutaka kugeuza IDE kuwa AHCI kwa hiari yake katika Windows 10 au 11, naaiamuru kwanza iwake kwa hali ya usalama, kwa programu ya msconfig. Kisha ageuze BIOS, aiwashe mara moja katika hali hiyo, ambamo Windows huwaamsha madraiva waliolala, ndipo airudishe katika hali ya kawaida.

Na vijana wenye kompyuta mpya za mapajani, hasa zenye Intel za kizazi cha 11 na baada yake, huenda mkatia Windows upya mkaambiwa hapana diski hata moja. Kidhibiti humo huenda kimewekwa kwa namna iitwayo VMD. Msiirudishe dukani. Chukueni draiva wa Intel Rapid Storage Technology katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenu, mfungueni katika flashi, mbonyeze palipoandikwa Load driver, mwonyesheni folda yake, diski itajitokeza.