Chupa ya mvumaji, kishawishi cha dubu

Asubuhi moja ya Agosti katika mji wowote wa milimani jimboni Colorado, Marekani, mwenye nyumba anaweza kufungua mlango akakuta nguzo ya chuma aliyoisimika bustanini imepinda kama ndoana. Chini yake imelala chupa ya plastiki, kitako kimeng'olewa, ubavuni matundu manne ya meno. Hana haja ya kuuliza mgeni wa usiku alikuwa nani. Dubu amepita, na alichokifuata ni maji ya sukari aliyotundikiwa ndege wa gramu tatu na nusu.

Ndege huyo ni mvumaji, na makao yake ni mabara ya Amerika tu. Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka chozi, yule mdogo anayemeremeta akifyonza ua la mgomba. Kazi yao moja, ukoo mbalimbali. Chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe. Mvumaji hunywa akiwa angani, amesimama hewani mbele ya ua huku mbawa zikipiga mara makumi kwa sekunde, na mvumo wake ndio uliompa jina. Colorado huonekana zaidi aina mbili: mwenye mkia mpana, anayefika kuanzia mwishoni mwa Aprili na kuzaliana milimani, na yule wa rangi ya shaba, anayepita kuanzia Julai akielekea kusini. Huyu wa shaba ni mgomvi. Akiiteka chupa, huwafukuza wenzake kutwa nzima.

Kinywaji chao hakina siri. Ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, kinakorogwa mpaka sukari iyeyuke. Rangi nyekundu haihitajiki, kwani wekundu wa chupa yenyewe unatosha kuwaita. Asali ni mwiko, maana huchacha na kuotesha kuvu. Siku za joto chupa huoshwa na kujazwa upya kila baada ya siku mbili au tatu.

Tatizo ni kwamba kikombe hicho cha sukari kina kalori zipatazo 770, na pua ya dubu inavijua vitu vya namna hiyo kutoka mbali sana.

Dubu wa Colorado huitwa dubu mweusi hata pale manyoya yake yanapokuwa ya kahawia au ya rangi ya mdalasini. Mwishoni mwa kiangazi huingiwa na ulafi wa kujiandalia majira ya baridi: hula hadi saa 20 kwa siku, akitafuta kalori zinazoweza kufika 20,000. Porini azipate kwa kuchuma vitunda kimoja kimoja, kukusanya njugu za mialoni na kufukua chungu. Barazani kwa watu anakuta chupa ya sukari, na pembeni yake huenda pananing'inia kichanja cha mbegu za alizeti, ambazo zikiwa zimemenywa kilo moja tu hupita kalori 5,000. Akishaonja, hasahau. Mwakani atarudi, na akiwa jike atakuja na watoto wake nao wajifunze njia.

Kwa sababu hiyo idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, huwashauri wakazi waondoe vichanja vya mbegu dubu wakiwa macho, yaani kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba hivi. Chupa ya mvumaji inaweza kubaki, ila kwa masharti. Itundikwe juu, walau mita tatu kutoka ardhini, mbali na mti, ngazi au ukuta ambao dubu anaweza kuukwea. Jua likizama, iingizwe ndani.

Wapenda ndege wengi husita hapo, wakihofia kumlaza mvumaji na njaa. Lakini gizani mvumaji hanywi. Usiku wa baridi wa milimani huweza kuzama katika usingizi unaokaribia kuzirai: joto la mwili linashuka, na moyo ambao mchana unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika unapunguza mwendo hadi chini ya 200. Saa zile ambazo dubu huzungukia nyumba za watu, yeye amejikunyata kitawini hajui kinachoendelea. Anachohitaji ni kuikuta chupa mahali pake kunapopambazuka, kwa kuwa huamka na njaa kali.

Basi kazi yote ni kwenda barazani mara mbili kwa siku. Wanaoizembea huharibikiwa chupa, lakini hasara kubwa humwangukia dubu. Aliyezoea nyumba za watu huweza kunaswa kwa mtego, kuchomwa dawa ya usingizi, kuvishwa hereni sikioni na kuhamishiwa mbali. Wengi hurudi. Na dubu anayevunja madirisha au kuingia jikoni kwa watu mara nyingi huuawa.

Wako walioamua kuachana na chupa kabisa. Hupanda maua mekundu marefu kama tarumbeta, ambayo mvumaji huingiza mdomo mpaka ndani. Nekta ya ua ni tone dogo, halimtoi dubu msituni.

Ifikapo katikati ya Septemba wavumaji wengi wameshaondoka. Wakazi wengine huacha chupa nje kwa ajili ya wachelewaji, wala haiwazuii kusafiri, maana kinachowaondoa ni kufupika kwa mchana. Hizo ndizo wiki ambazo dubu ana njaa kuliko zote. Jioni mwenye nyumba anatoka barazani, anatungua chupa ambayo kutwa haikuguswa na ndege hata mmoja, anafuta matone yaliyodondokea ukingoni, anaingia nayo ndani na kufunga mlango kwa komeo.