MAELEZO KUHUSU MISAADA KWA WAATHIRIKA WA MASHAMBULIZI YA BUNDUKI

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi, 2019, misikiti miwili ya mji wa Christchurch, katika visiwa vya New Zealand, ilishambuliwa kwa bunduki na watu 51 wakapoteza maisha. Yafaa watumishi na wananchi waelewe namna waliobaki walivyohudumiwa.

Nchi hiyo ina shirika la fidia ya ajali, ACC, lililoanza kazi mwaka 1974, ambalo hulipa bila ya kuuliza nani mwenye kosa. Majeruhi asiyeweza kufanya kazi hulipwa kila wiki asilimia 80 ya kipato chake. Akifariki, mjane wake hupewa asilimia 60 ya malipo hayo, na mtoto asilimia 20. Gharama za mazishi nazo huchangiwa.

Aidha, mwezi wa Aprili serikali ilitangaza viza maalumu ya ukaazi wa kudumu kwa wageni waliokuwemo misikitini na jamaa zao wa karibu.

Hata hivyo, upo upungufu usiofaa kupitwa juu juu. Maradhi ya akili hufidiwa na ACC pale yanapotokana na jeraha la mwili, isipokuwa kwa mambo machache, kama vile aliyeshuhudia tukio akiwa kazini. Kwa hiyo muumini aliyemwona baba yake akiuawa, naye asipate hata mchubuko, hakustahiki. Watu wa namna hiyo ilibidi watafutiwe msaada kwingine, ikiwemo michango ya wananchi iliyokusanywa na jumuiya ya Victim Support, iliyozidi dola milioni 10 za nchi hiyo.