Sabuni na Barafu Iwakayo: Suala la Kuhifadhi Gesi ya Samadi

Katika eneo la Moiben, kaunti ya Uasin Gishu, ng'ombe wa maziwa ni sehemu ya ukulima sawa na ngano na mahindi. Palipo na ng'ombe pana samadi, na samadi iliyochanganywa na maji katika tangi lisiloingiza hewa huzaa gesi ambayo takriban asilimia 60 yake ni methani. Gesi hiyo hupikia chai na ugali. Lakini tangi likijaa ilhali jiko limezimwa, gesi ya ziada hupotelea hewani, na methani huipasha dunia joto mara zipatazo 28 zaidi ya kabonidayoksaidi ya uzani uo huo katika kipindi cha miaka 100. Tatizo basi si kuipata gesi bali kuiweka. Makala haya yanaeleza njia moja inayochunguzwa na wanakemia: kuifungia methani ndani ya barafu, sabuni ikiwa mshenga.

Maji yakipozwa na kushindiliwa pamoja na methani, molekuli zake hujipanga mithili ya vizimba, na kila kizimba hufungia molekuli moja ya gesi. Hakuna ndoa ya kikemia baina yao. Gesi ni mfungwa tu. Zao hilo huitwa haidreti. Mita moja ya ujazo ya haidreti huweza kubeba takriban mita 160 za ujazo za gesi, na ikitiwa kiberiti huwaka huku ikidondosha maji. Jina "barafu iwakayo" linapendeza, ingawa kiwakacho ni gesi. Katika joto la nyuzi 4, kanieneo inayohitajika ni takriban mara 40 ya ile ya hewa ya kawaida. Ndiyo maana Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, halina barafu hiyo licha ya utajiri wake wa methani: maji ya kilindini yana joto la zaidi ya nyuzi 20, na gesi imeyeyuka humo kama katika chupa ya soda.

Kikwazo kikubwa ni kwamba maji na methani hayapikiki chungu kimoja. Hukutana usoni mwa maji tu, na haidreti ya kwanza hutanda pale kama utando wa maziwa yaliyopoa. Utando huo huitenga gesi iliyo juu na maji yaliyo chini, na kazi hukwama.

Hapo ndipo zinapoingia dutu za jamii ya sabuni, ambazo molekuli zake zina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Mwaka 2000, Zhong na Rogers, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba chembe za sodiamu dodesili salfeti, dutu itiwayo katika shampuu nyingi, chini ya nusu gramu kwa lita, ziliongeza kasi ya kuundwa kwa haidreti ya ethani, nduguye methani, kwa zaidi ya mara 700. Badala ya utando mgumu huota haidreti yenye vinyweleo kandokando ya kuta za chombo, na maji hupanda ndani yake kama mafuta katika utambi wa koroboi. Sabuni haipunguzi masharti ya baridi na kanieneo, huharakisha tu. Isitoshe, gesi inapofunguliwa, povu huwa kero.

Je, mfugaji wa Moiben anufaike? Tangi litoalo mita 2 za ujazo za gesi kwa siku lina methani ya kutosha lita 7 au 8 za haidreti, yaani ndoo isiyojaa. Hesabu hiyo inavutia. Hata hivyo, yahitajika pampu, chombo cha chuma kizito, kuondoa kwanza kabonidayoksaidi (nayo huingia vizimbani kwa wepesi zaidi), kisha friza ya takriban nyuzi 20 chini ya sufuri. Mtungi wa gesi iliyoshindiliwa mara 200 hubeba zaidi katika nafasi ileile. Kwa boma moja, gharama hiyo haina maana. Kwa kiwanda cha maziwa chenye vyumba vya baridi tayari, mjadala waweza kuanza.

Sabuni hiyohiyo, ikimwagwa tangini pamoja na samadi, hudhuru bakteria wazalishao methani. Maji ya kufulia hayana nafasi humo. Sabuni hungoja hadi gesi izaliwe.