Blichi: Mla Weusi wa Nywele

Je, wajua kwamba ndani ya pakiti ya blichi hamna rangi ya dhahabu hata chembe? Unga ule mweupe au wa buluu unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi mjini Morogoro haupaki kitu. Kazi yake ni kubomoa, na umanjano unaoonekana kichwani ni kile kilichosalia weusi ulipoondoka.

Weusi huo ni melanini, nayo katika nywele iko ya namna mbili: yumelanini, nyeusi au ya kahawia, na feomelanini, yenye wekundu na umanjano. Nywele zetu zimejaa yumelanini, na imejificha ndani kabisa ya unywele, chini ya magamba. Alkali iliyomo kwenye unga huuvimbisha unywele na kuyainua magamba hayo, kisha persalfeti, pamoja na peroksaidi, yale majimaji ya chupa yanayochanganywa na unga, huingia kumegua rangi. Yumelanini ndiyo hutangulia kuvunjika. Kwa hiyo nywele nyeusi hupita kwanza kwenye wekundu, zikaja kwenye rangi ya chungwa, ndipo zikafika manjano. Wengi wanaojaribu nyumbani hukwama kwenye chungwa, wakamlaumu muuzaji kwamba kawapa dawa feki, kumbe ni safari imekatikia njiani. Balaa huanza pale wanaporudia jioni ileile.

Peroksaidi yenyewe si ngeni. Mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard aliigundua mwaka 1818, na mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, watu wakaonyeshwa jinsi inavyogeuza nywele. Ile ya asilimia 3 ndiyo inayotoa povu kwenye kidonda. Chupa ya saluni iliyoandikwa 20 ina asilimia 6: lita moja ikivunjika yote hutoa lita 20 za oksijeni. Ya 30 ina asilimia 9, ya 40 ina 12. Mwanga na joto huiharibu, kwa hiyo chupa iliyoanikwa juani mezani kwa mchuuzi huwa imepungua nguvu kabla hujailipia.

Joto hilohilo huharakisha kazi kichwani. Dakika zinazotosha kwenye baridi ya Mgeta, juu milimani Uluguru, zinaweza kuzidi mchana wa Januari pale mjini. Na kwa kuwa ngozi ya kichwa ina joto lake, nywele zilizo karibu nayo hung'aa mapema kuliko ncha. Saa pekee haitoshi. Utazame na nywele zenyewe.

Gharama yake sasa. Unywele ni protini iitwayo keratini, iliyoshikamanishwa na vifungo vya salfa. Blichi haichagui: inapovunja rangi, na vifungo hivyo huvikata. Nywele za kipilipili zina mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Za dawa zina hali mbaya zaidi, maana ile dawa ya kulainisha ilikwisha kuvichokonoa vifungo hivyohivyo. Kubleach nywele za dawa ukiwa peke yako bafuni ni ujinga, sina neno laini zaidi. Na wapo wanaothubutu kupaka jiki! Jiki huyeyusha keratini na kuunguza ngozi.

Rangi hii ya dhahabu, hata hivyo, haihitaji kiwanda. Katika Visiwa vya Solomon, kati ya asilimia 5 na 10 ya wenyeji, watu weusi tii, huzaliwa na nywele za manjano. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba chanzo ni badiliko dogo kwenye jeni moja. Hapa Tanzania, wengi wenye ualbino wana nywele za manjano kwa sababu miili yao hutengeneza yumelanini kidogo mno.

Mzizi hauguswi na blichi. Utaendelea kuotesha weusi, kama sentimeta moja kwa mwezi, pengine pungufu. Ndiyo maana naona vijana wanaobleach nywele fupi kwa kinyozi wana akili kuliko sisi tunaowacheka: zikiharibika, mashine inazimaliza. Wewe mwenye nywele ndefu unayetaka dhahabu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, nunua rasta za rangi hiyo ukasuke.